Sanduku Nililolipeleka Jukwaani

Wiki iliyopita mtu alituma picha kwenye kundi letu la simu, lile la wasichana tuliosoma kwa masista pale Kamina. Ni picha ya zamani ya karatasi, imepigwa tena kwa simu, mwanga umekula nusu ya nyuso. Mimi niko katikati, nimefungwa kikwembe, kitenge cha bluu, kichwani, mdomo wazi, naimba. Chini yake wameandika: mnakumbuka tiatre ya "Siku ya Kurudi"? Mnakumbuka Numbi alivyotutoa machozi? Ikafuata mioyo myekundu, ikafuata mikono ya kupiga makofi. Na mmoja wenu, ambaye leo ni mke wa mtu mzito Lubumbashi, akaandika kwamba zile ndizo zilikuwa siku za upendo, kabla dunia haijaharibika. Nilikuwa nimesimama jikoni nakoroga sombe, majani ya muhogo. Nilitamani kuitupa simu ndani ya sufuria.

Siku za upendo, eti. Basi ngoja niwaambie, ninyi wa rika langu mlioketi kwenye yale mabenchi. Na msijifanye hamnazo, maana wengi wenu mlikuwepo, na mmoja wenu namkumbuka alivyocheka.

Shule yetu iliishi kwa ajili ya tiatre. Kila mwaka, kwa sikukuu ya shule, tuliandaa mchezo wa kuimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na majuma mengi kabla ya siku yenyewe hakuna aliyefikiria kitu kingine. Darasa la tatu lilishona mavazi, darasa la nne lilichora mapazia kwa chokaa na udongo mwekundu. Wale wa bweni walipika maharage kwenye pipa ili hata sisi wa kutoka nyumbani tule pale, tusipoteze muda. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yaliyoungua chini, nasikia na ngoma za repetisyo, za mazoezi, na sauti ya Sista Godeliva akipiga kofi mezani kutudai tuanze upya. Sista Godeliva alitufundisha dini na kuongoza kwaya. Nyimbo alitunga mwenyewe, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiluba, na gitaa alipiga mwalimu wa hesabu.

Mwaka ule alitunga hadithi ya Wayahudi. Alituambia jinsi walivyotolewa kwao, wakapelekwa Babeli, wakakaa huko ugenini na huzuni yao, mpaka siku moja wakaruhusiwa kurudi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwahi kusikia kwamba watu wanaweza kuambiwa waondoke, kabila zima, na kweli wakaondoka. Nilidhani ni jambo lililotokea mara moja tu, mbali, kwa watu wa kwenye Biblia. Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini majirani zao hawakuwatetea. Sista akasema tuendelee na wimbo.

Aliyekuwa ameketi karibu nami ni Ngalula. Tuliketi benchi moja tangu darasa la kwanza. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, na yeye alizaliwa huko, Mwene-Ditu, akaja Kamina mdogo mikononi mwa mama yake. Aliinama sikioni kwangu akasema, "Njo sisi aba." Ndio sisi hawa. Sikuelewa. Nilicheka, nikamwambia yeye si Myahudi, yeye anatoka kata ya nyuma ya soko.

Sauti ya Ngalula ndiyo iliyokuwa sauti. Mimi nilikuwa naimba vizuri, wa pili wake, na nilijua hivyo na ilinichoma kidogo. Sista alimpa Ngalula nafasi ya Mama, yule mwanamke anayefunga mizigo ya jamaa yake siku ya kuondoka na kuimba wimbo mrefu kuliko zote, peke yake, amekaa juu ya sanduku. Mimi nilipewa nafasi ya binti yake, na pia nijifunze maneno ya Mama, pengine itahitajika.

Kitu kimoja tu Ngalula alikitaka, na alikisema kila siku tukirudi nyumbani: mama yake aje. Mama Ngalula alikuwa hakanyagi mahali penye watu wengi. Aliuza samaki wakavu wa Kinkondja sokoni, akimaliza anafunga mzigo anakwenda nyumbani. Kanisani alisali misa ya kwanza, ile ya wazee, akasimama karibu na mlango. Mikutano ya wazazi hakuja hata mara moja. Wanawake wenzake wa Kasai walimwita Mwambuyi, yaani mama wa mapacha, na mimi nilikuwa najiuliza hao mapacha wako wapi, maana kwao niliona Ngalula na kaka yake mkubwa Kabongo, basi. Sikuuliza. Ngalula alimbembeleza mama yake majuma yote yale, alimwimbia wimbo wote jikoni, na mwisho mama akakubali. Ngalula alikuja shule siku ile akiruka kama mbuzi.

Sasa, la sanduku. Sista alituambia kila mtu alete kutoka kwao kitu cha zamani kwa ajili ya mizigo ya Wayahudi: masufuria meusi, mikeka, vikapu, na hasa masanduku. Kwetu kulikuwa na sanduku la bati, kubwa, la bluu, limekaa katika chumba cha nyuma tangu nilipoanza kuwa na akili. Papa alikuwa anaweka humo makoti na vidonge vya naftalini. Ndani ya kifuniko palikuwa na majina yameandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa mtu aliyejitahidi: Kabongo, Mbuyi, Kabanga, Tshiala. Mimi nilijifunzia kusoma pale. Nikiwa mdogo nilimuuliza papa hao ni nani, akajibu bila kunitazama, "Aba bantu balisafiri." Kwa akili yangu ya kitoto, mtu aliyesafiri na hasemwi tena ni mtu aliyekufa, basi nikaamua ni wadogo zake papa waliokufa wachanga. Miaka mingi niliwaombea jioni kabla ya kulala, mmoja mmoja, kwa mpangilio wao.

Mbuyi na Kabanga ni majina ya mapacha wa Kasai. Kila mtoto wa Kamina anajua. Sisi mapacha wetu tunawaita vingine. Nilikuwa najua hayo, na nilikuwa naketi benchi moja na dada yake Kabongo, na bado sikuunganisha. Kitu ulichokizoea tangu utotoni hukiangalii tena.

Papa alikuwa amekwenda Lubumbashi kwa kazi. Nilimwambia mama kwamba nataka sanduku la bluu. Mama alikuwa anapepeta unga, akaacha. Akasema, "Ungoje papa yako arudi, umuulize kwanza." Nikasema papa atarudi siku yenyewe ya tiatre, na mimi nimekwisha kumwahidi Sista. Mama alirudia kupepeta. Alijua. Hilo nimelitafuna miaka yote hii: alijua, na alichofanya ni kurudi kwenye ungo wake. Nikatoa makoti, nikaazima gari la mkono la jirani, nikalipeleka sanduku shuleni nikiimba njiani.

Papa alikuwa prezida wa komite ya wazazi. Mji mzima ulimwita Papa Prezida, hata watu wasiokuwa na mtoto shuleni. Alikuwa mtu wa kusaidia, wa kusuluhisha ugomvi wa mipaka, wa kusoma masomo misani kwa sauti nzito. Siku ya tiatre ya wazazi, siku mbili kabla ya sikukuu, alishuka kwenye treni akaja moja kwa moja ukumbini na vumbi la safari. Wakamweka kiti cha mbele, karibu na Sista Prefe, mkuu wa shule. Ilikuwa alasiri, joto la kabla ya mvua, madirisha yote wazi, na watoto wa mtaani wamening'inia kwenye nondo. Mama Ngalula aliketi benchi la nne. Alikuwa amevaa kikwembe kipya chenye mikunjo bado, na kingine amekikunja mapajani. Mnajua desturi yetu: mtoto akiimba vizuri, mama yake anapanda jukwaani katikati ya wimbo, anacheza mbele yake na kumfunga kikwembe mabegani, na ukumbi wote unapiga vigelegele. Kile cha mapajani kilikuwa cha Ngalula. Mwenyewe alikiona kutoka nyuma ya pazia akanibana mkono mpaka ukauma.

Pazia likafunguliwa kwa mizigo ya kuondoka. Ngalula akaketi juu ya sanduku la bluu akaanza kuimba. Sitaeleza alivyoimba. Aliyekuwepo alisikia. Alipofika mahali ambapo Mama anafungua sanduku ili kuweka nguo za watoto, alisimama, akainua kifuniko, kikageukia watu.

Nikaona mama yake anasimama. Akatoka kwenye benchi, akapita katikati ya ukumbi, kikwembe mkononi, na wanawake wakaanza: vigelegele, makofi, mpiga ngoma akaongeza mwendo. Walimfungulia njia. Walimwambia cheza, mama, cheza. Akapanda ngazi mbili za jukwaa, akampita mtoto wake, akapiga magoti mbele ya sanduku. Akaweka kidole kwenye kifuniko, akasoma kwa kidole. Vigelegele havikukoma. Mnasikia? Mwanamke amepiga magoti mbele ya majina ya watoto wake, na ninyi mnapiga vigelegele.

Kisha akageuka, na akamtafuta mtu mmoja tu kwa macho. Hakupiga kelele. Ukumbi ulinyamaza wenyewe, benchi baada ya benchi.

"Hii sanduku iko yangu," alisema. "Nilikuachiaka weye, Papa Prezida, siku balitupeleka ku stasyo. Nilikuambia uichunge. Nilirudia, ukasema bezi balibeba."

Eti wezi walilibeba. Papa na mama yule walikuwa majirani, ukuta kwa ukuta. Nililijua jambo lile pale pale, nikiwa nimesimama nyuma ya kikapu cha Wayahudi. Siku watu wa Kasai walipotolewa majumbani mwao kwa kuwa eti si wenyeji, mimi sijapata akili bado, na kupelekwa stesheni kungoja treni, mama huyu hakuweza kubeba sanduku na watoto, akalipitisha juu ya ukuta kwa jirani anayemwamini. Mengine niliyasikia baadaye: pale stesheni wakangoja majuma na majuma, wamelala chini, na surua ikapita. Mapacha walikufa pale. Tshiala akafuata ndani ya treni. Hakubaki na karatasi ya yeyote kati yao, wala picha. Majina yao yaliandikwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo palikuwa chumba chetu cha nyuma, chini ya makoti ya papa.

Papa alisimama. Alivuta koti lake chini, kama anavyofanya akienda kusoma misani. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, akimtaka akaketi, "Mama, tuko mu tiatre. Rudi ukaikale."

Na watu wakacheka! Wachache, lakini wakacheka. Kulikuwa na msichana wa darasa la tano aliyeziba mdomo kwa kiganja, na ni yeye huyo huyo wa siku za upendo. Wazee wawili nyuma wakaanza kunung'unika kwamba hawa watu wakirudi wanakuja na madai tu. Sista Godeliva aliipa kwaya ishara waendelee, wakaendelea nusu nusu, wakaacha. Ndipo Sista Prefe akapanda jukwaani, mwekundu usoni, akamtafuta aliyepanga vitu. Watu wote walijua ni mimi.

"Numbi," akasema, "nani alileta sanduku hili?"

Swali dogo hivyo. Mtoto wa miaka mitano angelijibu. Nilimwona Ngalula, bado ameshika kifuniko ili kisimwangukie mama yake vidoleni. Alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote, kwa sababu alinisaidia mwenyewe kulishusha kutoka kwenye gari la mkono, na nilimwambia linatoka kwetu. Alikuwa anangoja tu niseme. Nilimwona papa pia. Papa hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, hakunitisha. Alinitazama kwa upendo.

Nikasema, "Tulilikuta mu depo ya masomo, Sista." Depo ni kile chumba cha shule cha viti vilivyovunjika. Kitu cha depo hakina mwenyewe.

Msinitetee kwa kusema nilikuwa mtoto. Nimechoka na neno hilo. Mtoto anajua uongo kabla haujatoka mdomoni, anajua na uzito wake, na mimi nilijua.  Mama Ngalula hakubishana. Aliinuka, akajifuta magoti, akamfunga mtoto wake kile kikwembe mabegani kama alivyokuja kufanya, akamshika mkono wakatoka kwa mlango wa pembeni. Wakati wanatoka kuna mtu alipiga makofi tena. Mpaka leo sijui alidhani ameona nini.

Siku mbili baadaye ilikuwa sikukuu yenyewe, na askofu alikuwa anakuja. Komite ilikutana chini ya uenyekiti wa papa. Wakaamua kwamba mtoto yule amechoka, apumzike, kwa sababu mama yake ameleta fujo, na kwamba shule haiwezi kuaibika mbele ya askofu. Sista Godeliva alikuja kuniambia nitaimba nafasi ya Mama. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuja, na gitaa alilileta. Ninyi mnaomwita mtakatifu, mkumbukeni na siku hiyo.

Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwa hiyo nalisema wazi. Chini ya woga na aibu, mahali fulani tumboni, nilifurahi. Niliketi juu ya sanduku jingine, jekundu, lililoazimwa kwa fundi cherehani, nikaimba wimbo wa mtu aliyefukuzwa kwake, na askofu akatoa leso. Papa alisimama wa kwanza kupiga makofi. Hiyo ndiyo picha mnayoitumia mioyo.

Sanduku la bluu lilikuwa limerudi nyumbani siku ile ile ya kwanza, limefunikwa mkeka. Kesho yake niliamka kwa harufu ya rangi. Papa alikuwa uani na brashi, amevua shati, analipaka kijani, nje na ndani, kifuniko mara mbili. Alikuwa anapiga mluzi. Mama alikuwa anamshikia kopo.

Jumatatu Ngalula hakuja shule, wala Jumanne. Jumatano nilikwenda kwao. Nilimkuta mama yake amekaa mbele ya mbabula, anapuliza makaa, na ndani ya nyumba vitu vimeanza kufungwa kwenye magunia: walikuwa wanarudi Kasai, safari hii kwa hiari yao, kama mtu anaweza kuita vile hiari. Ngalula alikuwa ndani. Alinisikia na hakutoka. Nilisimama pale mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba sanduku ni lake, kwamba nililitoa kwetu mimi mwenyewe, kwamba nilisema uongo, kwamba papa amelipaka rangi na majina hayaonekani tena. Nililia sana. Nadhani nilitegemea atanishika kichwa, atasema basi, mwanangu.

Aliacha kupuliza. Hakuonekana na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Unakuja kuniambia minyi?" alisema. "Minyi niko najua. Enda useme kwenu."

Nikaenda. Nilitembea ile njia yote ya reli nikipanga maneno, na maneno yalikuwa mazuri, mafupi, ningeweza kuyasema hata mbele ya askofu. Nilipoingia, papa alikuwa amekwisha kuketi mezani. Bukari, ule ugali wetu, ilikuwa inatoa moshi, na yeye amenyoosha mikono juu ya beseni, anangoja mtu wa kumnawisha. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikachukua birika, nikammiminia maji polepole mpaka mikono yake ikatakata, nikampa na taulo.